Programu zangu za fainali zilirudishwa zote mkononi mwangu, isipokuwa moja

Wakuu, asalaam aleikum. Na wasio Waislamu, hamjambo.

Mimi humu huwa nasoma tu. Huu ni uzi wangu wa kwanza, na nimeuandika, nikaufuta, nikauandika tena mpaka simu ikaanza kunionea huruma. Niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, hata wa kubonyeza. Mnivumilie.

Kuhusu ukweli wa haya, waliokuwa uwanjani siku ile ni wengi na baadhi yao wako humu. Nikiongeza hata chumvi kidogo watanivua nguo hapa hapa kwenye comments. Mtu mwoga kama mimi hana mtaji wa kudanganya.

Twende.

Nafanya kazi Garissa mjini kwenye duka la fotokopi la mjomba wangu. Kwetu Wasomali mjomba ndugu ya mama tunamwita abti, kwa hiyo hapa nitamwita Abti Hassan. Duka linachapa kila kitu: kadi za harusi, fomu za shule, matangazo ya ngamia waliopotea. Mimi ndiye wa kompyuta. Natumia vidole viwili, na kimoja kati ya hivyo huwa kinasubiri kingine.

Kila mwaka mtaani kwetu kuna mashindano ya mpira. Timu zinatoka mpaka mbali, na fainali inachezwa baada ya sala ya alasiri ili iishe kabla ya magharibi. Na kila mwaka mimi ndiye ninayetengeneza programu ya mechi.

Kwa ambao hamjawahi kuiona, ni karatasi moja ya A4 inakunjwa katikati, unapata kurasa nne. Mbele kuna picha ya kombe. Ndani kuna vikosi vya timu zote mbili na majina ya utani ya wachezaji. Nyuma kuna matangazo ya maduka, neno la mwenyekiti, na kihabari kifupi ninachoandika mwenyewe bila kuweka jina langu.

Mtauliza, inakuhusu nini?

Wakuu, mimi mpira siuwezi. Nikipewa pasi huwa nageuka nyuma kuona ni nani anapewa. Kuongea pia siwezi. Nikimwona mchezaji ninayempenda anakuja upande wangu, nabadilisha njia, halafu usiku najilaumu kwamba ningemsalimia tu.

Lakini kwa sababu ya ile karatasi, wachezaji walikuwa wananijua. "Wa karatasi! Mwaka huu niandike Chuma." "Wa karatasi, mwaka jana umeniweka sub, wewe ni kocha?" Mimi nacheka tu, nakimbilia dukani kubadilisha.

Siku moja kwa mwaka nilikuwa mtu kati ya watu. Sikuwa na kingine.

Sasa mwaka huu, siku chache kabla ya fainali, akaja dukani Mwenyekiti Bare. Huyu ana duka la mabati na simenti, na ndiye mwenyekiti wa mashindano. Hakukaa. Mtu akikataa kiti cha Abti Hassan, ujue kuna habari mbaya.

"Walaal," akaniambia, yaani ndugu, "hii kitu yako imekufa."

Akatoa simu. "Ona. Line-up iko group kabla wewe hujawasha mashine. Goli likiingia, liko status kabla refa hajapuliza. Sasa karatasi inaniambia nini mimi?"

Alikuwa anasema kweli. Nasikia hata huko Ulaya kuna klabu zimeacha kuchapisha programu, na wao wana rangi. Sisi ni nyeusi na nyeupe, na nyeusi yenyewe inategemea hali ya toner.

"Halafu uchafu," akaendelea. "Mwaka jana baada ya mechi nilitembea uwanja mzima. Karatasi yako kila mahali. Mbuzi wanakula sura ya kombe! Mwaka huu chapa, mimi si mtu mbaya. Lakini nikikuta karatasi moja chini, moja tu, basi. Mwakani ni PDF ndani ya WhatsApp. Umesikia?"

"Haye," nikasema. Yaani sawa, na hilo ndilo neno refu zaidi nililowahi kumwambia mwenyekiti yeyote.

Alipotoka, Abti Hassan akacheka mpaka miwani ikashuka. "Usilie, mtoto wa dada yangu. Karatasi yako watu wanaipenda. Mimi mwenyewe mwaka jana niliikalia mechi yote, hata macawis yangu haikuingia vumbi."

Hapo ndipo penye kidonda, wakuu. Uwanja wetu hauna viti, una ngazi za saruji zilizojaa vumbi, na jua likizipiga mchana kutwa zinachoma kama kikaango. Mtu amevaa macawis, yaani kikoi chetu cha kiume, safi ya kutokea msikitini. Anapewa karatasi mlangoni. Unadhani ataisoma?

Nimewahi kukaa nyuma ya mzee mmoja kipindi kizima cha kwanza, nikiangalia kihabari changu kinavyochungulia chini ya makalio yake. Mwaka mwingine nilinunua sambusa wakati wa half time, ikaja imefungwa kwa programu. Nikasoma kikosi changu kupitia mafuta. Beki wa kati alikuwa ameshaiva.

Basi nikakaa kwenye kompyuta kuwaza. Nitawafanyaje watu wasiikalie?

Mezani kulikuwa na kadi ya harusi tuliyoichapa wiki hiyo. Juu kabisa ilikuwa na Bismillahi Rahmani Rahim kwa Kiarabu, ile ya maandishi ya kupinda yenye kupendeza. Kadi za harusi kwetu zote huanza hivyo. Na mimi nimelelewa duksi, yaani chuo cha Kurani, nimefundishwa kwamba kila jambo la maana huanza kwa Bismillahi. Nikajiuliza, kwa miaka yote hii, programu yangu ilikuwa inaanza na nini? Ilikuwa inaanza na tangazo la betri za gari.

Nikaichukua ile Bismillahi, nikaiweka juu ya picha ya kombe. Ikapendeza sana. Nilitaka baraka, wallahi.

Lakini nimeahidi ukweli, basi niseme wote. Wazo la pili lilipita pia. Nilijua hakuna Mwislamu atakayekalia jina la Mungu. Nikatabasamu peke yangu pale kama mtu aliyevumbua umeme.

Hapo ndipo akili yangu ilipoishia. Sikuwaza hatua inayofuata hata moja.

Abti Hassan alipoiona alisimama kidogo. "Masha'Allah, imependeza. Lakini watu wakimaliza nayo, wataiweka wapi?"

"Nyumbani," nikasema.

Akaniangalia, akaangalia dari, akaenda zake kuswali.

Siku ya fainali ikafika. Timu yetu, Bulla Ngamia, ilikuwa inacheza na vijana waliosafiri kutoka Rhamu, kule mto Daua unakopita, Mandera. Nikasimama mlangoni na bunda langu. Mimi sigawi kwa maneno, huwa nanyoosha tu mkono na kuangalia viatu vya mtu. Watu wakapokea vizuri. Nikaingia, nikakaa mwisho wa ngazi ya juu, mahali ambapo hakuna anayekaa kwa sababu jua linakuangalia usoni.

Mbele yangu kulikuwa na mzee anaitwa Adeer Noor. Alipangusa ngazi, akatandaza programu vizuri, akaanza kushuka taratibu kukaa. Nusu ya safari akaangalia chini.

Wakuu, sijawahi kuona mzee wa umri ule akiruka.

"Astaghfirullah! Waryaa! Nani ameandika Bismillahi kwa karatasi ya mpira?"

Akaiokota, akaipangusa, akaibusu, akaiweka juu ya kichwa chake kwa kukosa mahali. Halafu akawapigia kelele walio mbele yake: "Nyinyi! Angalia mnachokalia!"

Ngazi nzima ikainuka. Mtu aliyeona kutoka mbali angedhani wimbo wa taifa umepigwa.

Tangu hapo, shida. Kuikalia huwezi. Kuiweka chini huwezi. Kuitia mfuko wa nyuma huwezi, maana utaikalia. Kuingia nayo chooni ndiyo usiseme kabisa, kwa hiyo kila aliyebanwa akawa anamwachia jirani: "Walaal, nishikie." Jirani naye akibanwa anampa mwingine. Zikaishia kwa Adeer Noor, kwa sababu yeye ndiye aliyeanzisha, na mzee hakutoka tena. Alikaa na rundo mapajani kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa watu.

Mama wa sambusa naye alipewa moja afungie, akaisukuma. "Mimi nifungie mafuta ndani ya Bismillahi? Niko na kaburi mimi!" Akawa anauza sambusa mikononi, moto moto. Watu wakawa wanarusha sambusa huku na huku, mkono mmoja sambusa, mkono mwingine programu.

Na hakukuwa na makofi! Hili niliona baadaye kidogo. Bulla Ngamia walipiga mpira ukagonga mwamba, kitu ambacho kwa kawaida uwanja unapasuka. Safari hii watu walisema "Aaah!" huku wameinua karatasi juu, kwa sababu mikono imejaa. Wachezaji wakawa wanaangalia jukwaani kwa wasiwasi. Kapteni wetu akamuuliza kocha, "Wamekasirika nini?"

Mimi huko juu nilikuwa nimejikunja kama karatasi yangu. Lakini nikajiambia, angalau hakuna iliyo chini. Mwenyekiti Bare alikuwa amekaa upande wa pili, na nilimwona anakagua ardhi. Ilikuwa safi. Nikaanza hata kupata matumaini.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho, bado sifuri kwa sifuri, upepo ukaja. Mnaoijua Garissa mnaujua ule upepo wa vumbi unaozunguka kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Ukapanda ngazi moja kwa moja mpaka kwa Adeer Noor, ukachukua karatasi ya juu kwenye rundo lake.

Mzee akapiga ukelele. Karatasi ikapanda juu, ikafika uwanjani, ikaanza kushuka polepole kuelekea goli letu.

Kipa wetu anaitwa Yussuf. Kwenye programu nilimwandika Ukuta. Kijana mpole, amehifadhi sehemu kubwa ya Kurani, bado anakwenda kwa maalim kila asubuhi. Akaiona karatasi inashuka kwenye vumbi, upande ule wenye maandishi ya Kiarabu ukiwa juu. Watu wanapiga kelele: "Idake! Idake isianguke!"

Wakati huo huo mshambuliaji wa Rhamu alikuwa amepata mpira kwenye ukingo wa boksi.

Yussuf akaruka. Wallahi ulikuwa mruko mzuri kuliko yote niliyowahi kumwona akiruka, mwili wote hewani, mkono umenyooka. Akaidaka kabla haijagusa ardhi, akaanguka nayo kifuani.

Upande ule mwingine wa goli, mpira ukaingia taratibu, bila haraka yoyote.

Refa, mwalimu aliyeletwa kufundisha huku kutoka Nyeri, akapuliza. Goli.

Yussuf akainuka, vumbi mpaka kwenye kope. "Refa, mimi nimedaka!"

"Umedaka nini?"

Yussuf akamwonyesha karatasi.

Refa akaiangalia. Akaangalia wavu. "Kijana, umedaka karatasi. Mpira uko ndani."

"Lakini hii ni Bismillahi, mwalimu."

"Naheshimu. Lakini mpira uko ndani."

Mshambuliaji wa Rhamu hata hakushangilia. Alimfuata Yussuf, akamshika mkono. "Walaal, nilishapiga kabla sijaona. Nisamehe." Yussuf akatikisa kichwa tu, akaikunja ile karatasi, akaiingiza ndani ya jezi upande wa kifua, akarudi golini.

Sasa wakuu, fikirieni hasira ya jukwaa. Wamkasirikie Yussuf? Amefanya ambalo kila mmoja pale angefanya. Wamkasirikie wa Rhamu? Amefunga goli halali, na juu yake ameomba radhi. Refa? Amefuata sheria. Upepo? Upepo ni wa Mungu.

Hasira ikazunguka uwanja mzima ikitafuta pa kukaa.

"Hii karatasi nani aliiandika?" mtu akauliza.

Adeer Noor akageuka polepole, akaninyooshea kidole. "Huyu hapa. Wa karatasi."

Nilikuwa natamani siku zote uwanja mzima unijue. Dua nyingine ziwe zinachelewa.

Mechi ikaisha hivyo hivyo, moja bila. Vijana wa Rhamu wakachukua kombe. Adhana ya magharibi ilikuwa karibu na nilitaka kuteleza nyuma ya ngazi niende, lakini Adeer Noor akanisimamia. "Wapi? Chukua amana yako." Akaniwekea rundo lote mikononi.

Na nyuma yake foleni ikaanza.

Kila mtu aliyekuwa bado na karatasi yake alikuja kuirudisha. Mmoja mmoja. Kwa mkono wa kulia, kwa adabu, kama watu wanavyokuja kutoa pole kwenye msiba. Wengine waliniangalia machoni bila kusema. Wengine walisema. "Shika. Goli lako hilo." "Mwakani andika Ayatul Kursi, pengine tutafungwa tano." Mama wa sambusa alinionyesha vidole vyake vilivyoungua, akanirushia jicho, halafu akanikabidhi yake taratibu sana kwa mikono miwili.

Mimi, mtu ambaye hukwepa salamu ya mtu mmoja njiani, nilisalimiana na nusu ya Garissa jioni ile. Sikuweza hata kufunika uso, mikono ilikuwa imejaa.

Asubuhi nikapeleka gunia la zile programu kwa maalim wangu wa duksi, Maalim Idris. Nilimweleza nikiangalia mkeka.

"Ulitaka baraka au ulitaka mlinzi?" akauliza.

Nikasema, "Vyote viwili, maalim."

"Jina la Mungu haliwekwi kulinda tangazo la betri." Halafu akalainika. "Haya. Kata sehemu yenye jina Lake. Choma, zika majivu mahali pasafi ambapo watu hawakanyagi. Iliyobaki ni karatasi tu, tupa."

Nikashukuru, nikawa nainuka.

"Ngoja. Hapa ndani kuna majina. Beki wenu ni nani?"

"Abdullahi, maalim."

"Na wa kushoto?"

"Abdirahman."

Akanitazama juu ya miwani. "Basi kata na hao."

Wakuu, nilipotoka nje ndipo likanijia: miaka yote ile tumekuwa tukiwakalia kina Abdullahi, wenye jina la Mungu ndani ya majina yao, na hakuna aliyeona, kwa sababu walikuwa kwa herufi za shule, siyo za Kiarabu.

Basi tukakaa dukani, mimi na Abti Hassan na makasi mawili. Juu, Bismillahi inatoka. Ndani, ngome yote ya Bulla Ngamia inatoka. Rhamu nao walikuwa na Abdulaziz na Abdikarim katikati. Tulipomaliza karatasi moja ilikuwa inaonekana kama imeliwa na panya mwenye dini.

Abti Hassan alicheka mwanzo, halafu akaweka makasi chini. Akanisogezea moja. "Ona hii."

Mtu alikuwa ameandika kwa kalamu pembeni ya kikosi: *huyu ameumia, anacheza Guled*. Na kweli, Guled ndiye aliyecheza.

Nikaanza kuziangalia kabla ya kukata. Moja ilikuwa na alama ndogo mbele ya kila mchezaji, mtu amewapa maksi kama mwalimu. Nyingine, mtoto alikuwa amefuatisha herufi za KOMBE kwa penseli mara nyingi, E yake imegeuka nyuma. Nyingine ilikuwa na mshale kutoka jina la kapteni wa Rhamu na maneno *huyu ni mtoto wa binamu yetu*.

Na kwenye moja, nyuma, kwenye kile kihabari changu kisicho na jina, nilikuwa nimeandika kwamba uwanja wetu umekaa miaka mingi bila choo cha maana. Pembeni mtu alikuwa ameandika neno moja.

*Kweli.*

Sikujua niweke wapi uso. Miaka yote programu ikitoka mkononi mwangu ilikuwa inapotea, nami nikaamini hakuna aliyewahi kuisoma. Zingekuwa zimekaliwa na kutupwa kama kawaida, nisingejua kamwe. Kumbe watu walikuwa wanaisoma kwanza, halafu ndiyo wanaikalia.

Mwenyekiti Bare akaja mchana. Safari hii alikaa, akaona tunachofanya, akachukua makasi ya Abti akakata moja mwenyewe.

"Nimetembea uwanja mzima," akasema. "Hata karatasi moja sijakuta. Mbuzi wamekosa."

Nikainua kichwa.

"Usinitazame hivyo. Mimi ni mtu wa neno langu, uwanja ulikuwa safi. Lakini, walaal, niambie wewe. Mwakani ukisimama pale mlangoni, nani atapokea kitu kutoka kwa mkono wako? Leo sokoni watu wakikuona wanaficha mikono."

Abti Hassan akageukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Mwakani ni PDF," mwenyekiti akasema. Halafu akaongeza: "Utaiandika wewe. Lakini hiyo ya juu usiweke. Watu wataogopa kufuta, simu zitajaa."

"Haye," nikasema.

Basi ikawa imekwisha. Nikaendelea kukata. Lile rundo lilikuwa programu za mwisho kuchapwa kwenye mashindano yetu, na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nazikata vichwa.

Karibu na alasiri mlango ukatiwa kivuli. Ayeeyo Halima, bibi yake Yussuf, anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Watu wote walikuwa wameshanisema, lakini upande wa kipa bado haukuwa umefika.

Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akakifungua. Ni programu, ile iliyodakwa. Ilikuwa na vumbi jekundu, na alama ya vidole vya glavu vinne vizuri kabisa.

Nikanyoosha mkono kuipokea. Nilikuwa nimeshazoea.

"Toa mkono wako," akasema. Aliongea Kisomali, naweka kwa Kiswahili. "Nani amekwambia narudisha?"

Akaiweka juu ya meza, akaweka kidole kwenye mstari wa juu, akausoma taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, mpaka mwisho. Halafu akaifungua.

"Ile ya juu naisoma. Hizi nyingine ni za nyinyi wa shule. Sasa nionyeshe. Jina la mtoto wangu liko wapi?"

Nikaweka kidole. "Hapa, ayeeyo. Namba moja."

"Mbona liko mbali na Bismillahi?"

"Ni ukurasa wa ndani, ayeeyo."

"Mwakani liweke karibu."

Abti Hassan aliacha kukata. Nami nikajikuta naongea, sijui sauti ilitoka wapi. Nikamwambia mwakani hakuna karatasi, ni kwenye simu. Nikamwambia samahani kwa lile goli. Nikamwambia Yussuf angedaka ule mpira, mimi nina hakika.

"Goli ni la mpira," akasema. "Mpira unachezwa tena kesho. Yeye amerudi nyumbani na hii kifuani, akanipa mimi." Akaanza kuikunja kwa mikunjo ile ile. "Na simu yangu mimi ni ya tochi. Basi mwakani utanichapia yangu."

"Atakuchapia," Abti Hassan akasema.

Akaifunga kwenye kitambaa chake, akaenda kuuza maziwa.

Kwa hiyo wakuu, hapo ndipo nilipofika kwenye kazi ya uandishi. Mwakani nitakuwa mhariri wa programu inayochapwa nakala moja, na msomaji wangu hajui kusoma lugha ninayoandikia. Namba moja itakuwa ukurasa wa mbele, chini kabisa ya Bismillahi. Tangazo la betri litakwenda nyuma.

Nilichojifunza ni kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe ni wa kiasi. Nilihangaika sana kuzuia karatasi yangu isikaliwe, nikasahau kwamba aliyeikalia alikuwa ameshaisoma na mimi nilikuwa nimeshalipwa. Na jina la Mungu ukiliweka mahali, uwe umeliweka kwa ajili Yake, siyo kwa ajili ya ujanja wako. Upepo wa Garissa utakuumbua.

Kama kuna mwenye karatasi ya zamani ya mechi ndani ya sanduku huko kwenu, hebu tuambie ni ya nini na kwa nini hukuitupa. Watu wa Rhamu, hongereni, na msicheke kwa sauti.

Na wewe uliyeandika "kweli" pembeni ya habari ya choo, kama uko humu, jitokeze. Nataka kukusalimia. Nitajaribu nisibadilishe njia.